Nilivyomtafsiria Mkunga

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na shemeji, pamoja na wapwa zangu wote, hasa yule mtundu aliyeanguka kutoka paani. Natumaini ameshaanza kutembea, na wewe goti limekupa nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nina kikohozi kidogo cha vumbi la mafaili, na wifi yako anasema nakohoa kama trekta bovu.

Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Simu zako niliziona zote. Nilikuwa naitazama simu ikilia mpaka inanyamaza yenyewe. Na barua yako ilifika. Uliandika kwamba kina mama wa huko kwetu wamefarijika kusikia kuwa mkunga hakuwa peke yake mahakamani, kwamba mtoto wa nyumbani alisimama ubavuni pake. Maneno hayo niliyasoma kazini, chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kulia.

Unaijua kazi yangu kwa kuisikia tu. Nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, katika chumba namba tatu, chini ya feni inayozunguka kwa kulalamika. Mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama anasema kwa lugha yetu, nami namweleza hakimu. Hakimu wetu anaandika kila neno kwa mkono, hivyo kila mara ananiambia nisikimbie. Miaka kumi na moja nimeifanya kazi hiyo kama kibarua. Karani hunitania kwamba mimi ni kiti cha wageni: kipo kila siku, lakini hakina mwenyewe.

Yaliyotokea bondeni mnayajua kuliko mimi. Mitambo ya mgodi ilikuja kuchimba mashamba, kina mama wakakaa barabarani, askari wakafyatua risasi, wawili wakafa. Waliofyatua hawakuulizwa kitu. Akashtakiwa mkunga, kwamba yeye ndiye aliyewachochea wenzake kuwapiga askari. Polisi aliyetoa ushahidi alikiri hajui hata neno moja la kwetu. Alisikia tu mwanamke anapiga kelele. Kesi ikabaki kuning'inia kwenye maneno ya mkunga mwenyewe.

Alipopanda kizimbani alisimama wima, kanga ameifunga vizuri kiunoni, akaeleza bila kusitasita. Wakili aliyepewa kesi yake asubuhi ileile alikuwa msichana mdogo ambaye bado analishika faili kwa mikono miwili. Baada ya wiki moja hukumu ikasomwa: miaka kumi na miwili. Hakimu alisema mshtakiwa amekiri kwa kinywa chake.

Dada, hakukiri. Kama umesimama, kaa chini kwanza.

Siku ile ya ushahidi, kabla ya mahakama kuanza, mwendesha mashtaka aliniita chumba cha majalada. Tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu hajawahi kupaza sauti. Alinisalimia vizuri, akamuulizia binti yangu, akalitaja jina lake, na chuo cha uuguzi anakosoma, na mwaka aliofikia. Akasema barua yangu ya ajira ya kudumu imeshachapwa, inasubiri sahihi tu. Kisha, huku akipanga karatasi zake, akasema amesikia kwamba kina mama wale waliambiwa washike mawe, na anaamini nitatafsiri sawasawa. Hakuniambia niseme uongo. Hakuhitaji.

Mkunga alisema, “Niliwaambia shikaneni mikono, msiondoke.” Mimi nikamwambia hakimu, “Niliwaambia shikeni mawe, msiondoke.” Yule wakili mdogo aliruka kitini, akaomba nirudie. Nikarudia. Hakimu akaandika.

Na hilo si la mwisho. Hukumu iliposomwa, mkunga alinigeukia akaniuliza, “Mwanangu, wamesemaje?” Nilipaswa kumwambia miaka kumi na miwili. Ulimi ukagoma. Nikamwambia, “Watakuweka kidogo, mama, halafu utarudi.” Akanishika bega akanishukuru. Alipanda gari la magereza akinipungia mkono.

Barua ya ajira niliipata. Iko kabatini, na kabati hilo sijalifungua tena.

Jumamosi iliyopita nilikwenda gerezani siku ya wageni. Tulikaa tumetenganishwa na wavu, askari wa kike yuko mlangoni. Nilimwambia yote, mikono na mawe na miaka. Miaka alikuwa ameshaijua. Wafungwa wenzake walimhesabia kwa vidole. La mawe hakulijua. Alisogeza uso wake karibu na wavu. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akaniambia, “Sasa unakuja kunitwika mimi uchungu wako? Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kaseme kule ulikosema.” Akainuka akaondoka kabla muda haujaisha. Hakunisamehe, dada, wala mimi sikuthubutu kuomba.

Jumatatu nilimtafuta yule wakili. Niliapa mbele yake na mbele ya kamishna wa viapo, kwamba nilitafsiri uongo, nikaweka sahihi kila ukurasa wa hati ya kiapo. Wakili hakunificha. Alisema rufaa inaweza kukaa mwaka mzima bila kusikilizwa, na huenda wakasema nimehongwa na watu wa bondeni. Mimi ndiye nitakayekamatwa kwanza. Hati inapelekwa mahakamani keshokutwa. Wifi yako nimeshamwambia. Amempeleka binti yetu kwa bibi yake, upande wa mama.

Barua hii nimempa mtu wa kuaminika akukabidhi mkononi, ili uisikie kwangu kabla hujaisikia redioni. Nakuomba usiisome peke yako. Waite wale kina mama waliofarijika kwa ajili yangu, uwasomee wote, usiruke mstari. Wakitaka kunilaani, waache.

Msalimie shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba anawapenda, mengine watayajua wakikua. Wewe jitunze, na usije mjini kunitafuta mpaka nikuambie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba