Begi la Anjelo

Jumatatu, 3 Machi
Hapa nitaandika yote, hata ya aibu. Nimemenya ndizi na bibi, kisha nikakaa na insha: "Ugaidi na Vita vya Kagera: hatari ipi ni kubwa zaidi kwa taifa?" Nimeandika kwamba zamani adui alikuja na vifaru, tulimwona. Gaidi anaishi kati yetu. Nimeipenda sentensi hiyo.

Jumatano, 5 Machi
Nimempa mwalimu insha. Bado naiwaza.
Anjelo, mpangaji wa chumba cha uani, ametoka kusini, mpakani, kule magaidi walikoshambulia vijiji. Miezi mitatu sasa yuko hapa Ilemela, anapakia dagaa mwaloni, ziwani zinakotia nanga boti za wavuvi. Hasimulii habari za kwao. Begi lake limefungwa kamba tangu aje.
Bibi humtania: "Mume wangu, hilo begi ndilo mke mwenzangu?" Anacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia balozi wa nyumba kumi habari za Anjelo na begi lake. Nilidhani nalinda nchi.
Jioni walikuja askari. Begi likafunguliwa uani: sufuria, blanketi, sare ya shule ya mtoto wa kike. Ndogo sana. Anjelo aliikunja mwenyewe. Kisha wakaondoka naye.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekiri kwa bibi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Kisha akasimulia. Vita vya Kagera vilipofika kijijini kwao alikimbia kwa miguu, mama yangu mgongoni, mpaka Biharamulo. Watu wasiomjua walimpa uji na mahali pa kulala.
"Mwaka mzima sikufungua mzigo wangu," alisema. "Na hakuna aliyeniuliza nimebeba nini."

Jumanne, 11 Machi
Anjelo aliachiwa jana. Hana kosa. Alichukua vitu vyake, akamuaga bibi, akahamia Misungwi. Mimi nilikuwa shuleni. Nimeshukuru kuwa shuleni. Najichukia kwa hilo.

Alhamisi, 13 Machi
Insha imerudi. Alama za juu. Mwalimu ameipigia mstari sentensi ile ile na kuandika: vizuri sana.

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Bibi amepakua sahani ya Anjelo kwa mazoea, akairudisha sufuriani.
Nimeandika barua. Mwenzake wa mwaloni anaipeleka Misungwi kesho, anarudi Jumanne. Nimesema ni mimi niliyemtaja. Nimeomba radhi. Sikuuliza sare ni ya nani.
Nimeuliza moja tu, na nimemwomba ampe mwenzake jibu arudi nalo: chumba chako hatujampa mtu, utarudi?