Mandari Bila ya Ameir

Walthamstow,
London E17.
9 Julai 1980

Mpendwa mdogo wangu Zuwena,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Faki na watoto, na kwamba mguu wa Faki umepoa na ameshaanza tena kupanda mkarafuu huku wewe unampigia kelele chini. Na mama je? Presha yake imeshuka? Analala vizuri? Chumvi mmemkataza kweli au anajiibia jikoni kama mwaka jana? Nijibu kila swali mbali mbali. Usiniandikie "mama hajambo" halafu ukanyamaza.

Huku shemejio Hamad hajambo, bado yuko na kazi yake ya zamu kule ghalani Edmonton. Nasra wetu ametimiza miaka kumi na mbili na amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizungu, lakini kila kitu anakifahamu, hata yale ambayo nisingependa ayafahamu. Mimi mwili wangu mzima. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana uwongo nimeusema wa kutosha mwaka huu, na ndio ulionikalisha hapa kuandika. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Nilisoma vizuri mpaka nikafika pale uliposema mama anauliza mandari ya mwaka huu ni wapi, na kwa nini Ameir hajampelekea orodha yake. Hapo niliikunja nikaiweka chini ya mto. Kaka yetu ana miezi minne kaburini, na mama bado anangoja ampangie safari.

Najua ni mimi niliyeyataka haya. Mimi ndiye niliyepeleka simu ya maandishi kazini kwa Faki badala ya nyumbani, na mimi ndiye niliyekukataza usimwambie mama. Mara mbili uliniandikia kwamba huwezi kuendelea, na mara mbili nikakukaripia kama mtoto mdogo, nikakuambia mama akifa kwa mshtuko utakuwa wewe umemuua. Maneno hayo hayakustahili kuandikiwa mtu anayemwogesha mama kila siku. Nisamehe, Zuwena.

Mandari zetu, hizi safari za kwenda kula na kupunga upepo pamoja, umezijua kwa barua tu, kwa hiyo hujui zilivyokuwa. Ameir alizianza miaka kumi iliyopita, wakati watu wa Unguja na Pemba tulikuwa nyumba chache mji huu mzima, kila mmoja kajifungia fletini kwake anatazama mvua. Alisema tutazeeka kabla ya siku zetu kwa kukosa jua. Basi kila Januari, barafu imejaa nje, yeye hutandaza ramani ya kusini ya Uingereza juu ya busati langu, akapiga magoti na kalamu nyekundu mkononi, akapanga majira ya joto. Mwezi wa Mei msitu wa Epping, kwa sababu ni karibu na wazee hawachoki. Juni Whipsnade, watoto wakaone tembo na twiga. Julai bahari: mwaka mmoja Brighton, wa pili Margate, wa tatu Southend. Na tangu Ramadhani ianze kuangukia siku za joto, safari hiyo ya bahari tuliifanya ndiyo ya kuvunja jungu, tunakula pamoja tukashiba na kutakana radhi kabla ya mfungo, kama ilivyo kwetu.

Alikuwa dereva wa basi, siku sita anazunguka mitaa hii hii, na siku ya saba anataka kupanda basi tena. Nikimcheka hunijibu: "Hili siendeshi miye, hili napelekwa." Orodha ikishakamilika humwandikia mama, na mama humjibu kwa mkono wako kwamba mikate ya kumimina isisahauliwe na watoto wavishwe kofia. Watu arubaini wa London walikuwa wakiendeshwa na mama kutoka Wete bila ya kujijua.

Barua nne nimemwandikia mama kwa jina la Ameir tangu Machi. Niliiga mwandiko, maana mama anaujua kwa macho hata kama wewe ndiye unayemsomea, niliiga salamu, hata yale makosa yake ya nukta niliyaiga. Nikajiona hodari. Halafu wewe ukaniandikia kwamba mama alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ameir siku hizi hanitanii." Sijui kama ulijua uzito wa maneno hayo ulipoyaandika. Niliyasoma jikoni na chungu kikaungua.

Basi nikaamua nitafanya mandari kweli, ili angalau nikimwandikia mama nimwandikie jambo lililotokea. Na watu nao walikuwa wananipigia simu, wanaogopa kuuliza. Safari za Mei na Juni sikuziweza. Nikachagua moja tu, Southend, Jumapili iliyopita, wiki moja kabla ya Ramadhani. Gurmit akatoa basi lake. Huyu ni Singasinga wa Nakuru aliyekuwa rafiki mkubwa wa Ameir, na ndiye aliyekuwa akitupeleka miaka yote. Mimi nikagawa vyakula: Bi Shinuna wa Kilburn pilau, mimi mikate ya kumimina, wengine katlesi na bajia. Nikaandika majina, nikapanga nani apandie wapi. Nilidhani nimemaliza.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Ameir alikuwa na kijitabu cha kupwa na kujaa, anakinunua kila mwaka, na hapangi saa ya kuondoka mpaka akisome. Mimi sikukikumbuka hata kidogo. Nilikaa kitandani nikahesabu kwa vidole kama alivyotufundisha marehemu baba: mwezi mwandamo ishirini na tatu, maji mafu, bahari inajaa saa nne asubuhi, kwa hiyo tukifika saa tano na nusu itakuwa bado imejaa vizuri. Zuwena, nilihesabu bahari ya Waingereza kwa hesabu ya Wete! Miaka kumi na minne naishi nchi hii.

Tulishuka kwenye basi watu arubaini na mmoja, na masufuria, na majamvi, na bahari haipo. Imekupwa mpaka macho hayaifikii, yamebaki matope ya kijivu na mashua zimelala ubavu. Gurmit akasimama karibu nami akasema polepole: "Dada, ile kitabu ya maji ya Ameir iko wapi? Mimi nilidhani wewe unayo."

Watoto hawakujali, Nasra wa kwanza kuvua viatu. Wakubwa tulikaa juu ya ukuta wa saruji, tumeelekea matope, tunakula pilau na upepo unapuliza wali. Hakuna aliyelalamika. Hicho ndicho kilichonimaliza. Angekuwa Ameir amefanya kosa hilo, wangemcheka mpaka jua linazama, na yeye angejibu kila mmoja. Mimi wananionea huruma, wanasifu mikate. Nilikwenda nyuma ya basi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko nikalia kwa sauti. Hamad akaniletea sahani akaishika mwenyewe mpaka nilipomaliza.

Kuna jambo lazima nikuambie hapa ndipo ufahamu yaliyofuata. Ameir mwaka sitini na nne aliondoka bila ya kumuaga mama. Mama alikuwa amekwenda mazikoni Chake, nafasi ya kuondoka ikapatikana alasiri ile ile, na hakumwachia hata neno. Wewe ulikuwa mdogo. Hilo lilimkaa miaka kumi na sita. Mara ngapi nilimwambia amwandikie amwombe radhi, naye hunijibu kwamba radhi za mama haziombwi kwa stempu, atakwenda kupiga magoti mwenyewe siku atakayoruhusiwa kuingia tena Pemba. Alikuwa ameshapeleka maombi. Jibu lake lilikuja Aprili, nikalifungua mimi. Wamemkubalia. Sikukuambia kwa sababu nilishindwa, na sikumwambia hata Hamad kwa wiki nzima.

Basi jioni, tumeshakunja majamvi, watu wakaanza kutakana radhi kabla ya kupanda basi. Unajua inavyokuwa, huyu amshika mkono huyu, nisamehe nililokukosea, nawe unisamehe. Bi Shinuna akasema tusimsahau mwenzetu. Wakasimama wote pale kando ya basi, mmoja mmoja akataja jina la Ameir, akasema amemsamehe kubwa na dogo. Hata Gurmit alivua miwani akasema, "Yeye hana deni na mimi, Mungu amuweke pazuri." Nikawa naona moyo unatulia kidogo.

Bi Shinuna akanigeukia. "Na mamaako, alivosikia, kasema nini? Kampa radhi mwanawe?"

Nikamwambia hajui. Nikaanza kumweleza habari ya presha, na daktari, na barua. Bi Shinuna ana miaka themanini, amezika watoto watatu. Hakupandisha sauti. Akaniambia: "Kulthum, maiti yuangoja dua ya mamaake, we wamwandikia barua za mandari?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na maneno hayo tu kichwani. Nilikuwa nikijisifu kwamba namlinda mama, na kumbe kila usiku mama anamwombea mwanawe apate riziki, apate afya, apate mke mwingine, na hakuna hata usiku mmoja alioomba apanuliwe kaburi lake. Hitima tumesoma huku, watu baki wamesoma, makafiri wamesimama na kofia mikononi, na aliyemzaa hajapewa hata nafasi ya kusema innalillahi. Nilimnyima mama kilio chake. Na Ameir nilimnyima kile kitu kimoja alichokuwa akikitaka duniani.

Kwa hiyo, Zuwena, mwambie mama. Barua ya mandari nilikuwa nimeshaianza kwa jina la Ameir, eti bahari ilijaa na watoto wakaoga. Nimeichana jana.

Barua hii anakuja nayo Bwana Chaman, mwenye duka la dawa hapa mtaani, anakwenda Dar kumtazama mamaake. Nduguye Faki aliyeko bandarini huko Dar ataipokea aivushe, kwa hiyo itakufikia katika kumi la kwanza la Ramadhani inshallah. Usingoje Idi. Mwambie asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka. Bi Mgeni jirani awe amekaa naye, na Faki amjulishe daktari tangu jana yake ili asiwe mbali. Usianze kwa kusema Ameir mgonjwa halafu amezidiwa, kama watu wanavyofanya. Miezi minne ya kuzungushwa imemtosha. Mshike mikono umwambie kwamba Ameir amefariki Machi, kazini, moyo ulisimama, hakuteseka, na tumemzika Kiislamu, na watu walijaa. Mwache alie apendavyo. Akitaka kunilaani mimi, mwache.

Halafu akitulia, hata kama ni siku ya tatu, mwambie kwamba jibu la mwanawe la kuruhusiwa limekuja, na safari ya kwanza aliyokuwa ameipiga mstari mwekundu katika orodha ya mwaka huu, aliyoiacha hajaimaliza, kabla ya Epping na kabla ya Southend, ilikuwa Wete. Mwambie alikuwa anakuja kupiga magoti. Umwombe kwa ulimi wako amwie radhi, kwa sauti, nawe usikie ukiwa shahidi. Najua ninachokuomba. Presha ikimpanda, dhima ni yangu, nimeiandika hapa kwa mkono wangu ili uwaonyeshe wakubwa wasije kukulaumu wewe.

Nisalimie sana shemeji Faki, mwambie nimeona uvumilivu wake. Nisalimie Bi Mgeni na nyumba yake nzima. Rukia na Suwedi wabusu kwa ajili yangu, Nasra anawatumia picha yake ya shule. Hamad anakusalimu na anakuombea nguvu. Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi siku utakayokaa mbele ya mama, aupe moyo wake subira, na atujaalie mfungo wenye kukubaliwa.

Mama atakuja kukuuliza ni nani basi aliyekuwa akimwandikia tangu Machi. Mwambie ni Ummukulthum, wala usinitetee. Lakini lisitangulie hilo. Mtakie Ameir radhi kwanza. Za kwangu nitangoja.

Dada yako anayekupenda na kukutegemea,

Ummukulthum