Mjeledi Uliojazwa Matambara

Tarehe 3 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kifua chako kimepunguza kubana. Mimi mzima. Mkwe wako ndiye ameshonwa shavu.

Jumamosi kwenye sarakasi alisimama na karatasi mdomoni kama kawaida, nami nikapiga ili niikate. Mjeledi ukaenda upande. Miaka yote hii sijawahi kumgusa hata unywele! Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani damu ni sehemu ya mchezo.

Nilipofika nyumbani nikauchana kwa kisu. Baba, nilikuomba mjeledi bora kuliko yote. Nje umeusuka ukapendeza, ukaupaka mafuta ukang'aa. Ndani nimekuta matambara ya shati lako la mistari! Si wewe uliyenifundisha kwamba mjeledi mzuri ni ngozi mpaka moyoni? Kwamba rangi ni ya kuwavutia wasiojua, na ukiupinda ukavunjika mahali pamoja, mrudishie aliyekuuzia? Wa dukani ningeupinda, ningeubonyeza kuanzia mpini hadi ncha. Wako niliutoa kwenye kifurushi ulichonitumia nikaingia nao ulingoni, kwa sababu ni wako.

Nieleze. Fundi wako alikuwa amelewa? Nina hasira.

Binti yako

Tarehe 20 Mei

Kwa binti yangu,

Marahaba. Hatujambo, kifua kipo palepale. Mpe mumeo pole, ingawa mwanaume anayesimama mbele ya watu apigiwe mjeledi usoni na mkewe, sijui nimpe pole ya nini.

Fundi wangu usimsingizie. Nilijaza mwenyewe. Nilijua hushiki mjeledi bila kuupima. Nilitaka uupinde, uone ni mbovu, msimu ukupite huna cha kufanyia kazi, urudi nyumbani. Nani angedhani utaingia nao bila hata kuubonyeza? Ndivyo nilivyokufundisha? Nimesuka ngozi tangu hujazaliwa ili mwanangu awe kichekesho hemani? Na karakana hii nimwachie nani, paka?

Usinipandishie sauti.

Baba yako

Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo?

Kumbe ulikusudia. Hukuja tukazungumza, hukunikataza. Ulikaa kwenye kigoda chako ukanisukia uongo, ukaumalizia kwa fundo safi.

Shavu linapona. Jana nilishika mjeledi wa kuazima, mume wangu akasimama, nilipoinua mkono akafumba macho. Hajawahi kufumba macho, Baba. Nikaushusha, nikatoka nje nikalia. Mwenye sarakasi amenipa muda mpaka mwisho wa Agosti, kisha atatafuta mtu mwingine.

Unauliza nani angedhani. Ni mimi niliyedhani baba yangu hawezi kunipa kitu kibovu. Usitume mwingine. Hata usuke mzuri namna gani, sitaupiga mbele ya mume wangu.

Binti yako

Tarehe 11 Agosti

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mama yako mzima, ila haniongeleshi. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Mkwe wangu anaendeleaje? Safari hii namuulizia kwa dhati.

Juni yote nilikuwa nimekukasirikia. Baadaye nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi, maana huna wa kumgombeza.

Nimesuka mwingine. Ngozi moja ya mgongo wa ng'ombe, haina kiraka. Nimesuka wa ndani kwanza, nikausukia wa nje juu yake. Nimeupinda kila mahali, unakunjika vizuri. Lakini hayo ni maneno yangu, na najua maneno yangu kwako sasa hayana uzito. Kwa hiyo siutumi. Nakuja nao Ijumaa.

Ukitaka kuuchana, uchane, nitasuka mwingine hapohapo mlangoni kwako. Ukiridhika nao, mumeo akae kwenye viti vya watazamaji, apumzike, aangalie. Wewe simama mbali kama unavyosimama siku zote, upige kwa nguvu zako zote.

Karatasi nitaishika mimi mdomoni.

Baba yako