Siku Uliyoniambia Bustani Imefungwa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kukugombeza kabla sijakuamkia. Ulinilea hivyo na halinitoki. Nimekaa barazani kwako hapa Picha ya Ndege, Kibaha, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa waya, na nimekuja kukushitaki kwako mwenyewe, maana wengine wote nimeshawashitaki. Atakayetaka kusoma na asome. Mambo yetu yamefichwa vya kutosha.

Tuanze na ile safari ya Idi, ya kwenda Dar kwenye bustani ya michezo ya maji. Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa safarini na lori lake kama kawaida, na wewe ukasema Idi ile hatutaimalizia uani tukikimbizana na kuku. Mkakodi gari, Noah, wewe na jirani yetu Bi Nuru. Tulikuwa sisi watoto watatu: kaka Shabani na viatu vyake vipya, mimi, na Mwanaidi ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Wiki nzima Shabani alikuwa anatueleza juu ya bomba la bluu ambalo mtu anakaa juu, anateleza, anazungushwa humo ndani, halafu linamtema bwawani. Hakuwahi kuliona. Lakini Shabani, unamjua, alieleza kama aliyelichomelea yeye.

Mayai ya kuchemsha ukanipakatisha mimi. Hilo lilikuwa kosa lako la kwanza. Tulipovuka Mbezi mfuko ulikuwa umepungua sana, na kabla hatujafika nikayarudisha yote kwenye viatu vya Shabani. Kumbe si mayai peke yake, homa ilikuwa imeshaniingia tangu jana yake, na mimi nilikuwa nimenyamaza nisije nikaachwa nyumbani. Tulipofika getini nilikuwa natetemeka. Juu ya ukuta niliiona ncha ya lile bomba la bluu. Shabani akanivuta mkono nishuke, na wewe ukanigusa shingo, ukawaambia, "Mwacheni Zena. Zena hawezi."

Nakumbuka neno hilo na nakumbuka mkono wako. Nikapewa dawa, Bi Nuru akanilaza kiti cha nyuma, akawa ananipepea kwa pindo la kanga, na usingizi ukanichukua.

Nilipoamka gari lilikuwa linarudi. Nikauliza mbona tunarudi. Ukaniambia, "Pamefungwa, mwanangu. Wanasafisha mabwawa. Tutakuja Idi ijayo, Inshallah."

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, Mama. Nilikuuliza mbona nilisikia watoto wanapiga kelele. Ukasema, "Ndio walikuwa wanalia, wamefungiwa geti." Nikakuuliza mbona nywele za Mwanaidi zimelowa. Ukasema naye alijitapikia kama mimi, ukamwogesha kwa maji ya bomba. Mwanaidi akanitazama kwa macho mekundu, ananuka dawa ya maji, akaitikia kwa kichwa. Nikamwonea huruma. Nilikuwa na biskuti moja imebaki mfukoni, nikampa nusu. Akaila.

Biskuti ile, Mama, ndiyo inayonichoma kuliko yote. Mlinitazama nikiikata.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakukujua wewe. Yako ilitembea zaidi ya miaka ishirini na haikupata hata pancha. Nilikua nayo. Nikawasimulia wenzangu shuleni jinsi tulivyosafiri toka Kibaha tukakuta geti limefungwa. Nikamsimulia mume wangu alipokuja kujitambulisha, hapahapa barazani, tukacheka wote, na Shabani akatia chumvi yake: "Mlinzi wao alikuwa mkali yule, hataki hata kusalimiwa." Wewe ulikuwa unamenya vitunguu. Ukasema, "Alikuwa mkali kweli." Hukuinua uso. Leo najua kwa nini, siku ile nilidhani ni vitunguu.

Hii isingenitoa machozi mtu mzima mimi. Mtoto kaumwa, wenzake wamecheza, mama hakutaka alie njia nzima. Mimi mwenyewe ni mama sasa, na ninayowadanganya nayo wanangu nikiyapanga hapa utacheka kaburini. Kama mambo yangeishia Idi ile, ningekutania tu.

Lakini kuna siku ya fenesi.

Ulikuwa umelazwa wiki ya pili, figo zako zimechoka, na sisi watatu tunapokezana pale kitandani. Asubuhi ile nilikuwa nimebaki nyumbani kupika uji wako. Nilipoingia wodini Shabani na Mwanaidi walikuwa wamesimama dirishani wamenipa mgongo, na wewe ulikuwa umeketishwa kwa mito, umetabasamu. Hukuwa umetabasamu siku nyingi. Ukaniambia, "Zena, nina hamu na fenesi. Lakini si hili la sokoni. La kwetu Maneromango."

Nikasema Mama, si msimu wake.

"Halikosi moja," ukasema. "Wewe ndiye mwenye jicho la kuchagua. Nenda, mimi leo sijambo."

Nilifurahi, Mama. Nataka ujue hivyo. Nilitoka mle mbiombio nikiona mgonjwa anayetamani chakula ameshapona. Kutoka Kibaha hadi Maneromango si kama kwenda kununua chumvi dukani. Nilipanda magari hadi Kisarawe, na pale nikachukua bodaboda kwa ile barabara ya makorongo ambayo mvua ikinyesha hata pikipiki inasukumwa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kwa ndugu zako. Kila mahali naulizwa, fenesi saa hizi? Bibi mmoja wa upande wa shangazi yako akanionyesha moja juu kabisa ya mti, bado gumu. Akasema, "Hilo mpaka livundikwe, mjukuu wangu." Nikasema tutalivundika, mgonjwa ataendelea kulinusa. Kijana akapanda, akalishusha kwa kamba. Nikalitia kwenye kiroba, nikalipakata njia nzima kama mtoto, utomvu umenigandia gauni.

Nikiwa Kisarawe nasubiri gari, nikampigia Shabani kumtangazia ushindi. Akaniuliza niko wapi. Kisha akasema, "Mama amelala. Usipite hospitali, njoo moja kwa moja nyumbani."

Na mimi nikamwamini. Kwetu mtu aliye njiani haambiwi msiba, hilo nalijua, nimeshawafanyia wengine. Lakini anayefanyiwa hajui. Nilishuka Picha ya Ndege na kiroba changu begani, nikakata kona ya dukani, nikaona turubai uani kwetu na wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi. Hivyo ndivyo nilivyopata habari yako. Turubai liliniambia.

Siku zile sikushuku kitu. Nilijilaumu kwa bahati mbaya, basi. Tukakupeleka Maneromango kukuzika, kwa njia ileile niliyopita jana yake. Na tuliporudi baada ya siku tatu na kufungua mlango, fenesi lilikuwa limeiva lenyewe nyuma ya mlango wa jikoni, harufu imejaa nyumba nzima. Waombolezaji wakalipasua, wakalisifu utamu. Mimi sikulionja.

Ilikuwa siku ya arobaini yako ndipo nilipojua. Hitima imesomwa, wageni wamekula pilau, tumebaki sisi na Bi Nuru tunasugua masufuria. Mtu katika hali ile anataka kucheka, na Mwanaidi akaanza: "Jamani, mnakumbuka Mama alivyokwama kwenye lile bomba? Baibui limejaa maji kama puto, anamwita Shabani aje amsukume, na Shabani anacheka hajiwezi. Halafu likamtema bwawani na kilemba hakionekani." Shabani akaanza kucheka. Bi Nuru akacheka hadi akashika mbavu, maana naye alikuwa amesimuliwa. Halafu wakaniona mimi.

 Sufuria niliyoshika nikaiweka chini.

Sikuuliza juu ya bustani. Hilo lilikuwa limeshajieleza. Nilichofanya ni kumtazama Shabani, na sijui kilichonifikisha huko, nikamuuliza, "Kaka, na ile siku ya fenesi?"

Akajifanya anatafuta stiliwaya.

"Mama alitaka fenesi kweli?"

"Zena," akasema, "Mama alikuwa hamezi hata uji. Fenesi la nini?"

"Kwa hiyo?"

"Daktari alitueleza asubuhi kuwa Mama hamalizi siku, wewe ukiwa huku nyumbani. Mama alisikia. Akasema tukutafutie pa kukutuma, tena mbali. Tulipokosa, akafikiria mwenyewe." Akafuta mikono kwenye suruali. "Akasema, 'Mwacheni Zena. Zena hawezi.'"

Sasa nieleze, maana wao wameshindwa. Ulichagua fenesi kwa kuwa ulijua msimu umepita na ningezunguka. Nakujua ulivyokuwa na akili. Mwanaidi ananiambia ulimshika mkono. Shabani alikutamkia shahada sikioni ukaifuata. Uliwaaga. Uliwapa maneno, na kila mmoja ana lake analolitunza. Langu mimi ni "nenda, mimi leo sijambo", na ni la uongo.

Kanga zako tumezigawana kwa haki, hata masufuria, hakuna aliyenung'unika. Lakini wewe mwenyewe nimepunjwa. Wana mama aliyekwama kwenye bomba akicheka, mimi sina. Wana mama aliyewaaga, mimi sina. Siku yako ya raha kuliko zote na siku yako ya mwisho, zote mbili uliniacha nje ya geti, na watu wawili ninaowaamini kuliko wote duniani wakakusaidia kulifunga. Wakinisalimia sasa hivi nachunguza macho yao. Mwanaidi akiniambia hajambo simwamini. Mwanangu akiniambia ameshiba, naangalia sahani. Hicho ndicho ulichoniachia, na sikukitaka.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia ulinipenda ukanionea huruma. Ndiyo, ulinipenda. Lakini Mama, Mwanaidi ndiye aliyekuwa analia kwa kila mende nyumbani humu, na yeye ulimwacha akae. Kwa nini mimi? Kwa sababu niliumwa siku moja nikiwa darasa la pili? Mtu anatapika mara moja anahukumiwa maisha.

Na kuna jambo moja hukulipanga, kwa sababu hukuwa na uwezo tena wa kupanga.

Jioni ile nilipoingia na kiroba changu, walikuwa wamekurudisha nyumbani, umelazwa chumba cha ndani. Bi Nuru ndiye aliyesimamia kukuosha. Akatoka mlangoni na ndoo, akasema anataka binti mmoja wa marehemu aingie kusaidia. Mwanaidi akainuka. Shabani akanishika bega akasema, "Zena, kaa." Nikakaa. Haikupita muda Mwanaidi akatoka ameziba mdomo kwa kanga, akakimbilia nyuma ya nyumba, tukamsikia anatapika.

Bi Nuru akasimama mlangoni. Aliniangalia mimi, akamwangalia Shabani. Nikainuka. Gauni langu bado lilikuwa na utomvu wa fenesi.

Bi Nuru aliniambia, "Anza upande wa kulia. Taratibu." Nikachota. Nikakumwagia bega la kulia, mkono, ubavu hadi mguu, kisha kushoto. Nikakushika kichwa nilipokuosha nywele, zilikuwa zimebaki kidogo na laini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilikuosha katikati ya vidole vya miguu, pale ulipokuwa ukituambia watoto wachafu husahau. Sikulia mle ndani. Sikutapika. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, muulize Bi Nuru, au ngoja, atakuja huko siku yake atakuambia mwenyewe.

Wenzangu walicheza nawe kwenye maji siku ya Idi. Mimi siku yangu ilikuwa ile.

Sijakusamehe. Kila Ijumaa nakusomea Yasini na sijakusamehe, yote mawili nayafanya kwa moyo mmoja. Labda itakuja. Shabani nitaongea naye tena, hana wa kumtegemea zaidi yangu na mimi sina zaidi yake. Mwanaidi nimeshamwambia ananidai biskuti, na amelia, na nimemwacha alie.

Jua limeshafika kwenye kiti, nainuka. Kesho nakwenda Maneromango kupalilia kaburi lako. Safari hii hakuna aliyenituma.

Niliweza, Mama. Ungeniuliza tu.

Mwanao wa katikati,
Zena