Leo Jina la Mwanakombo Limetoka

Jumatano, Konde. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri. Nimefika kazini buibui limerowa chapa, na bado nilikuwa natabasamu peke yangu njia nzima.

Programu yangu imefanya kazi.

Mie ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma mtandaoni kazi zikipungua. Mwaka huu niliandika moja ndogo ya kuwakumbusha akina mama chanjo za watoto. Ina orodha ya wanaotarajiwa mwezi huo, imepangwa nyumba kwa nyumba. Programu inapita jina kwa jina. Aliyekwisha kumleta mtoto inamfuta, na wanaobaki wanatumiwa ujumbe kwenye namba ya simu waliyoiandikisha.

Juzi Mwanakombo wa Mgogoni aliingia ofisini kwangu na kadi ya mtoto mkononi. Namba aliyoiandikisha ni ya mumewe, anayefanya kazi Unguja. Ujumbe ulimfikia huko: mtoto wako hajaletwa chanjo. Mume akapiga simu, akamgombeza mkewe, na mavyaa wake, yaani mama mkwe anayeishi naye, akasikia kila kitu.

"Mie nilimleta, Bi Salama," aliniambia. "Nilikuja na wifi yangu Maryam, siku moja, tukakaa benchi moja. Yeye haandikiwi kitu. Kwa nini mie kila mwezi ndiye mwongo?"

Kila mwezi. Nami siku zote akina mama wakilalamika nilikuwa nikiulaumu mtandao wa simu.

Bi Rukia, muuguzi wetu mkuu, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mama akiona tunamsingizia hatarudi tena, na atakayeumia ni mtoto. Ikitokea mara nyingine, programu tunaifunga, tunarudi kumtuma mtu apite majumbani.

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Ile programu nimeilea kama mwanangu.

Jana asubuhi nikaiamuru itaje kila jina inalolitazama. Ikamtaja Maryam, ikaona amekuja, ikamfuta. Kisha ikamtaja jirani yao.

Mwanakombo haikumtaja kabisa.

Nikarudia. Ikamruka tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Maryam akifutwa, wote walio chini yake wanapanda nafasi moja. Mwanakombo anaingia pale alipokuwa Maryam, lakini programu imeshamaliza nafasi ile, inakwenda inayofuata. Haikumuona hata siku moja. Na kwa kuwa hao wawili wanaishi nyumba moja na huja pamoja, kila mwezi anayeponzeka ni yeye.

Kosa lilikuwa kufuta majina huku ninaipitia orodha.

Basi nikaacha kufuta. Sasa programu inaipitia orodha ya asili bila kuigusa, na kila asiyekuja inamwandika kwenye orodha mpya iliyo pembeni. Ujumbe unakwenda kwa hao wa orodha mpya tu. Nikajaribu kwa kujaza kwamba wote wamekuja. Ile ya zamani ilibakisha karibu nusu ya majina. Hii mpya haikubakisha hata moja. Nilicheka kwa sauti mpaka Bi Rukia akachungulia mlangoni kuuliza kama niko salama.

Leo asubuhi ujumbe umetoka. Kwanza nimehakikisha kila jina kwenye daftari la chanjo, na hakuna hata mama mmoja aliyesingiziwa. Bi Rukia ameisoma orodha mpaka mwisho, akasema, "Haya, endelea nayo." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akaingia Mwanakombo, amemleta mavyaa wake kupima presha. Nikawaeleza wote wawili kwamba kosa lilikuwa la programu yangu, na kwamba Mwanakombo hakukosa kuja hata mwezi mmoja. Bibi yule alipomaliza kupimwa akatoa simu yake, akampigia mwanawe hukohuko Unguja.

"Mkeo alimpeleka mtoto," alimwambia. "Karani mwenyewe yuko mbele yangu. Nampa simu mkeo, mtake radhi."

Mwanakombo akapokea simu, akasikiliza. Sauti ya mume ilisikika mpaka benchi la nje.

"Sijakusikia vizuri," akasema Mwanakombo. "Hebu rudia."

Akarudia. Benchi zima likacheka, na mavyaa wake ndiye aliyecheka zaidi.

Nimerudi nyumbani mvua imekatika, mwili mwepesi. Zipo programu zangu nyingine zilizoandikwa kwa mtindo uleule. Kesho nazifungua zote, na safari hii sifuti kitu njiani.