Kaka Kwenye Sufuria Namba Arobaini na Saba

Bangkok, 3 Februari 1995

Kwako kaka Khamsing,

Salamu zikufikie hapo Nong Pheka, wewe, shemeji na nyati wote. Mimi sijambo kabisa, nanenepa. Afya yako sikuulizi, maana tangu wiki iliyopita naijua kuliko daktari. Unachemka.

Ngoja nikueleze taratibu, najua unasoma kwa kidole. Hapa Bustani ya Dunia Tatu jiji zima linaleta watoto siku ya Jumapili. Wanaanza kwenye mijusi mikubwa ya kale, wanaingia nyumba ya theluji, wanakula aiskrimu, halafu wazazi wanawashika mkono na kuwapeleka Jehanamu, waone waongo wanavyofanywa. Watoto wanatoka huko wana adabu mpaka Jumatano. Na Jehanamu yote ni mkono wangu: mti wa miiba, mbwa wa chuma, wakosaji mia moja na kumi na wawili wa saruji, kila mmoja na kibao cha kosa lake. Mimi wa darasa la nne, lakini maprofesa wanapiga picha mbele ya kazi yangu, na Mjerumani mmoja alilia.

Basi mkosaji wa arobaini na saba, yule wa sufuria ya mafuta, alipasuka kichwa. Bosi wangu, Sia Heng, akaniambia nimtie kipya. Nikamtia chako. Kibao nimekiandika kwa rangi nyekundu: KHAMSING WA NONG PHEKA. ALIMCHOMA MAMA BILA KUMNGOJA NDUGU YAKE.

Mwaka wa pili huu tangu mama afe, na bado inaniuma. Nilishuka kwenye basi Alhamisi, nimenyoa kichwa na nyusi, joho la mtawa limo mfukoni, nilivae siku ile moja na kushika uzi wa jeneza, nimtangulie mama mpaka kwenye moto kama anavyopaswa mtoto wa kiume. Nikakuta wanawake wanaosha masufuria. Ukanionyesha chungu cha mifupa, ukaniuliza kama nimekula. Nyusi zangu zilichukua miezi minne kuota. Wewe hata pole hukutoa.

Njoo upige magoti mbele yangu, watu wakiona, useme ulinikosea. Siku hiyo nitakivunja kichwa chako kwa mkono wangu. Usipokuja, mafuta yapo ya kutosha.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Bunthan


Nong Pheka, 1 Machi 1995

Mdogo wangu Bunthan,

Sisi wote wazima, isipokuwa nyati jike ana kidonda kwatoni. Barua yako imefika. Nimeisoma bila kidole.

Nilikungoja siku saba. Kila asubuhi barafu ililetwa kutoka mjini na gari la samaki, nikaipanga mwenyewe pembeni ya mama. Siku ya nane mkuu wa watawa akasema sasa basi, ni mwezi wa nne, jua kali. Nilikutumia telegramu tatu kwa anwani uliyompa mama: Bunthan, Mkurugenzi wa Sanaa, Ofisi Kuu. Zote tatu zilirudi zimeandikwa kwamba mtu huyo hajulikani hapo. Wewe habari uliipata kwa dereva wa lori.

Mama aliwaambia kijiji kizima kwamba una ofisi yenye feni mbili. Alikufa anajua hivyo, nami dereva yule aliponiambia kwamba unalala stoo ya saruji, sikumwambia mtu.

Magoti yangu nimeyapiga kwa watawa na kwa mama. Kwako siyapigi. Chemsha tu.

Kaka yako,
Khamsing


Bangkok, 20 Mei 1995

Kaka Khamsing,

Natumai nyati amepona kwato. Mimi nimekasirika mpaka meno yanauma.

Kwanza, ile anwani haikuwa uongo. Ofisi ilikuwa njiani. Sia Heng aliniahidi mbele ya mashahidi, na moja ya feni hizo mbili nilikuwa nimeshainunua.

Pili, sikiliza balaa. Watu wetu unawajua kwa kusaka namba za bahati. Mwezi uliopita mama mmoja muuza tambi alileta wajukuu kuona Jehanamu. Alipofika kwako akatoa poda ya mtoto, akaipaka kwenye sufuria, akasugua, akasema anaona nne na saba. Namba imeandikwa kwenye kibao, kaka, kubwa kama kichwa cha paka, lakini yeye anaiona kwenye poda. Akacheza bahati nasibu. Ikatoka arobaini na saba.

Sasa hapapitiki. Wamekuwekea soda nyekundu chupa mia, kila moja na mrija wake. Mashada ya maua ya manjano yamekufunika mpaka macho. Wanakubandika karatasi za dhahabu kwenye paji la uso, wanakuletea mayai ya kuchemsha na wasichana wa kucheza ngoma. Wazazi wanawainua watoto wachanga waguse sikio lako. Huyu wa mti wa miiba, kazi yangu bora kuliko zote, hakuna anayemtazama. Nimekutengenezea Jehanamu, wewe umekuwa mungu mdogo.

Nilimwambia Sia Heng nataka kukitoa kichwa kile, kina ufa. Akaniambia atakayegusa arobaini na saba ataingia mwenyewe kwenye sufuria, tena bila mshahara. Na kila Jumatatu napanda ngazi kukutengeneza pua, maana wanaisugua inaisha. Miaka yote hii nimeota nikikuvunja pua, leo nakujengea. Najenga nimefumba macho, siwezi kukutazama.

Kosa hili nalo nimeliandika kwa jina lako. Magoti yameongezeka, sasa ni mara mbili.

Mdogo wako mwenye uchungu,
Bunthan


Nong Pheka, 29 Juni 1995

Bunthan,

Afya tunayo. Amani hatuna.

Picha ya sufuria yako imetoka gazetini. Uso hauonekani kwa maua, lakini kibao kinasomeka herufi kwa herufi. Tangu hapo watu wanakuja kutoka wilaya tatu. Mungu wa saruji yuko mbali, wanasema, afadhali huyu wa nyama. Wanataka kunisugua kichwa. Juzi nimeinama napanda mpunga, mama mmoja akanimwagia poda kisogoni, akakodoa macho, akasema anaona sita, au labda ni tisa nikigeuka. Shemeji yako amefunga geti kwa mnyororo. Mkuu wa watawa naye ameniuliza kama nimeota chochote. Alisema anatania, lakini alikuwa na kalamu.

Sijaiba. Sijampiga mtu. Jina hili alinipa baba, na sasa watoto wanalipigia kelele barabarani. Umetaka nije. Nakuja, lakini si kwa magoti. Nakuja na nyundo ya kuvunjia mawe. Siku hiyo usisimame karibu na sufuria.

Khamsing


Bangkok, 10 Agosti 1995

Kwako kaka shujaa,

Hali yangu ni njema, ila miguu inauma kwa kusimama. Siku arobaini nimekungoja getini. Mlinzi nimempa sura yako: mfupi, miguu upinde, uso wa mtu aliyepunjwa sokoni. Amenikamatia wanaume tisa, wote wameniudhi kwa kutokuwa wewe.

Nilikuandalia hotuba, nikaiandika upya mara tatu. Niliwaambia mafundi wenzangu waje waone kaka yangu akivunjwa moyo hadharani, wakavaa mashati safi, wamenicheka mpaka leo. Hata kiti nilikuwekea kivulini, maana nilijua utafika umechoka, na sipendi kumdhalilisha mtu aliyechoka.

Umeogopa. Wewe kwa maiti ndiyo hodari wa haraka, kwa mtu mzima aliyesimama huwezi. Nimeongeza kuni mbili chini ya sufuria.

Mdogo wako asiyeogopa,
Bunthan


Nong Pheka, 25 Agosti 1995

Mdogo wangu Bunthan,

Natumai miguu imepoa. Hapa mvua imenyesha vizuri.

Nilikuja tarehe kumi na tatu mwezi wa saba. Uliniangalia usoni ukaniambia nisogee nisizibe njia, kuna watoto wa shule wanapita. Nimekonda, na meno ya mbele sina. Hujaniona miaka miwili, na hata siku ile hukunitazama, ulitazama chungu cha mifupa.

Nililipa kiingilio. Nilipanga foleni nyuma ya familia moja yenye mapacha waliokuwa wanagombea puto. Nyundo ilikuwa imefungwa kwenye kitenge. Nilipofika mbele, mhudumu alikuwa anaondoa maua ya jana, na uso ukabaki wazi.

Bunthan, ule si uso wangu.

Jicho la kushoto limefinywa. Mimi sifinyi jicho. Anayefinya jicho la kushoto kwa moshi wa jikoni unamjua. Ile mikunjo miwili juu ya mdomo ni ya kutafuna tambuu miaka hamsini, mimi tambuu siijui. Na nywele zile fupi za kikongwe nilimkata mimi mwenyewe miaka yote, mpaka wiki moja kabla hajafa. Mdomo umeuachia wazi, ukidhani napiga yowe. Ndivyo alivyokuwa anauachia akituita tule.

Ulitafuta kichwani mwako mtu wa kumchukia, mikono ikakuletea mtu wa kumkumbuka. Umemweka mama kwenye mafuta, Bunthan. Umemwongezea na kuni mbili, umeandika mwenyewe.

Nilinunua shada, nikamvisha. Nyundo nimeiacha nyuma ya sufuria, sikuwa na mkono wa kuibeba. Wewe nilikuacha getini unamfokea mlinzi. Ningeweza kukushika bega nikakwambia. Nikaona hapana, kaa ujenge pua yake Jumatatu saba zaidi.

Sijakuomba radhi. Sikuombi.

Kaka yako,
Khamsing


Bangkok, 2 Oktoba 1995

Kwako kaka Khamsing,

Salamu kwako na kwa shemeji. Kuhusu mimi, andika tu kwamba nipo.

Barua yako niliisoma nikasema mzee ana wivu. Nikaikunja, nikala chakula kizima, nikaikunjua tena. Asubuhi kabla ya geti kufunguliwa nikapanda ngazi, nikaondoa maua yote, nikafuta dhahabu kwa kitambaa chenye mafuta, na safari hii macho sikufumba.

Sikushuka. Nilikaa juu ya ngazi mpaka watoto wakaanza kupita, na mmoja akamuuliza mwalimu yule mjomba analilia nini, na ana kosa gani, mbona hana kibao. Mwalimu alinitafutia kibao kweli.

Kumvunja siwezi, na hata ningeweza, watu wa poda wangeniua. Basi nimefanya ninachokijua. Kuni nimezing'oa zote. Mafuta nimeyapiga rangi ya maji ya kisima, nikaweka maua ya yungiyungi na ndoo. Nimemfunga kanga ya kuogea mpaka kifuani, ya miraba, ile ya bluu. Kibao kipya kinasema: BI KAEO WA NONG PHEKA. ANAOGA. Sia Heng alikuja anatoa povu, akasema Jehanamu haina bafu. Nikamwambia hii ndiyo ya kwanza, na kama hataki, wakosaji wangu mia moja na kumi na mmoja wanaondoka na mimi. Akatazama foleni, akaenda kuhesabu viingilio. Soda bado wanaleta. Nimewaambia soda inampa kiungulia, walete chai.

Sasa tuje kwako. Usidhani yameisha. Mimi kwenye zile telegramu nina kosa langu, nimelibeba, na nimekuwa nikimwambia kila asubuhi nikimpangusa. Lakini wewe ulisimama getini ukaniona, ukaniacha nikae wiki saba namtia mama moto. Hilo ni lako, na linatosha kibao.

Chini ya mti wa miiba pana nafasi moja. Ni mahali pazuri, kona, kila anayetoka nyumba ya theluji atakuona. Safari hii sifanyi kwa kichwa, kichwa changu kimethibitika hakiaminiki. Itabidi uje unikalie mbele nikikufinyanga. Siku tatu, labda nne, pua yako ina mambo. Mkeka upo, feni ipo, moja. Njoo na wali wa kunata wa shamba la nyuma, siwezi kufinyanga nikiwa na njaa. Meno usiweke, nataka ukweli.

Utakaa kwenye kiti, utanitazama usoni, na hutafungua mdomo mpaka nimalize. Mimi ndiye nitakayesema.

Mdogo wako,
Bunthan