Kilomita Kumi na Saba Nukta Nne

Chumba cha nyuma, dukani
Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yetu, na kwamba kile kikohozi chake kimeshamwachia. Mkono wako je? Bado unakuuma asubuhi za baridi, pale ulipovunjika mara ya pili? Mimi mwili hauna neno. Habari za moyo utazipata ukifika chini.

Ila kabla hujaendelea, ikunje barua hii uende ukamchukue mtoto shuleni. Mwambie mwalimu wake ana miadi ya daktari. Dereva wa gari la mkate aliyekupa bahasha hii nimemwomba akusubiri naye amekubali. Ni mtu mzima, ana mabinti wa kwake, na hakuniuliza maswali. Hiyo iliyobaki isome ukiwa ndani ya gari lake, mtoto yuko ubavuni pako. Najua utasema mdogo wako ameanza tena kukuza mambo. Safari hii sikuzi kitu. Nenda kwanza.

Haya, kama umeshakaa, nianze mwanzo.

Unakumbuka tulivyokubaliana ulipomtoroka shemeji. Mara ya kwanza alikupata kwa sababu ya simu, akakurudisha, na tuliyaona yaliyofuata. Kwa hiyo tukasema hakuna kupigiana simu wala kutumiana ujumbe. Nitakuja mwenyewe kwa baiskeli ya baba, Jumamosi moja ndiyo, moja siyo, kwa maana hakuna anayemtilia shaka mwanamke wa makamo anayesukuma chuma kikuukuu mlimani. Wewe uliniomba kitu kimoja tu, nisimwambie mtu yeyote mahali ulipo. Nikakuapia mbele ya mtoto. Na kwa mdomo wangu, Dada, sijamwambia mtu.

Nilichokuficha ni blogu. Yule binti wa mapokezi hapa dukani, niliyekuambia anacheka mpaka wateja wanavua miwani kumtazama, alinisikia siku moja nikisimulia safari zangu. Akasema mama, haya yaandike, kuna watu wanayapenda. Akanifungulia ukurasa siku hiyo hiyo wakati wa mapumziko ya mchana, akanipiga picha nimesimama na baiskeli, akaiweka juu kabisa. Nikauita Mwendo wa Pole, na chini yake nikaandika mwenda pole hajikwai. Mwezi wa kwanza nilikuwa na wasomaji tisa, na wawili kati yao ni yeye mwenyewe kwa simu zake mbili.

Sikuwa na nia mbaya. Niliandika juu ya kile kiti cha ngozi na springi zake zinazolalamika, na breki za vyuma zinazoshika siku zikipenda. Niliandika ilivyo raha kupitwa na kila mtu, kuona watu wanavyoanika nguo zao, nani amepaka geti lake rangi mpya, nani amegombana na jirani yake mpaka wakajenga ukuta. Kwa wiki nzima nasaga lenzi za miwani ili watu wengine waone. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kuona. Nilikuwa nikirudi kutoka kwako naketi mezani pale alipokuwa akiketi baba, naandika mpaka chai inapoa.

Na juu ya kila andiko niliweka namba. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la nyumba yetu. Baba alisoma mita za maji miaka thelathini na moja, na sisi tulijua kusoma mita kabla hatujajua kusoma vitabu. Ukimwambia ni kama kumi hivi, alikurudisha ukaangalie tena, hata kama ni mvua. Kwake kukadiria na kusema uongo vilikuwa mtu na ndugu yake. Ile mita ndogo aliyoifunga kwenye gurudumu la mbele, inayogongwa na kile kijiti cha kwenye spoku kila gurudumu likizunguka, bado inafanya kazi. Basi nikawa naandika kama alivyotufundisha. Kwenda, kilomita kumi na saba nukta nne. Daraja, sita nukta moja. Njia ya reli, kumi na moja nukta nane. Niliposhuka nikasukuma, kumi na nne kamili. Jina la mtaa sikuliandika hata mara moja. Wewe nilikuita rafiki yangu wa chai, na mtoto sikumtaja kabisa. Nikaona nimeficha vya kutosha, maana nani ana kazi ya kusoma mita ya baiskeli ya mtu?

Mwezi wa tatu akaja msomaji aliyejiita Mtembezi. Ana adabu, anaandika sentensi zilizonyooka, haweki vikatuni vya kucheka kama wenzake. Alisifu lugha yangu. Alisema hajaona mtu mwenye jicho kama langu, na mimi sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia nina kitu chochote kama hicho. Halafu akanifundisha jambo: tairi likilika, gurudumu linapungua, kwa hiyo mita inahesabu zaidi ya njia ilivyo. Nikalipima tairi kwa kamba uani, nikakuta ni kweli. Nilitembea na furaha hiyo siku nzima, kana kwamba nimepandishwa cheo.

Baada ya hapo akawa ananiuliza. Upepo ulinipiga usoni au mgongoni baada ya daraja? Nikisukuma mlimani asubuhi, jua linanikaa upande gani? Pale kwa rafiki yangu, nasikia treni au nimeshaiacha mbali? Mimi nikajibu kila swali. Wahenga hawakukosea, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliposifiwa namba, nikaongeza namba. Niliposifiwa pua yangu, nikaandika juu ya harufu ya wanga na mvuke wa pasi unaonipokea nikifika. Sasa wewe niambie, nguo zinafuliwa na kupigwa pasi kwa wingi namna hiyo katika nyumba ngapi, kilomita kumi na saba kutoka kwetu, baada ya reli, juu ya mlima, upande wa jua?

Jumamosi iliyopita nilipotoka kwako niliandika kama kawaida. Jana jioni Mtembezi akajibu, nami nimeyasoma majibu yake leo alfajiri wakati nasubiri maji yachemke. Nakunakilia kama yalivyo. Amesema hivi: "Ni kumi na saba nukta moja, siyo nukta nne. Nimeipima mwenyewe leo mchana. Kazi nzuri hata hivyo. Ngazi ya nje ina vidato kumi na vinne, cha tisa kimelegea. Mwambie rafiki yako amwite fundi kabla mtoto hajaanguka."

Ngazi sijawahi kuiandika, Dada. Mtoto sijawahi kumwandika.

Hukuolewa na muuza duka, uliolewa na mpima ardhi, na mtu aliyepima ardhi miaka ishirini hahitaji anuani. Mpe umbali wa vitu vitatu na upande wa jua, mwache na ramani yake mezani. Mimi nimempa vitu vitatu kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mitano, na nikamshukuru kwa kusoma.

Saa moja nilikuwa kituo cha polisi. Askari wa zamu aliyasoma yote kwa utulivu, akarudia tena, kisha akaniuliza huyu bwana ametukana wapi. Nikasema hajatukana. Akauliza ametishia wapi. Nikamwonyesha kidato cha tisa. Akasema mama, mtu anarekebisha hesabu ya baiskeli na anamhofia mtoto asianguke. Nikiliandika hili kitabuni wenzangu watanicheka. Nikamweleza habari za mkono wako. Akasema mwenye mkono aje mwenyewe. Akanishauri nirudi kama kutatokea kitu, na alisema kwa upole kabisa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ukisoma mpaka hapa utadhani nimemjua leo. Ningeweza kukuacha udhani hivyo, na nimeiacha kalamu mara mbili nikiliwaza hilo. Lakini umeshadanganywa vya kutosha na watu wanaosema wanakupenda.

Nilimjua wiki saba zilizopita. Siku hiyo, baada ya sifa zake, aliandika maneno mawili mwishoni: "Kobe hajambo?" Kwenye blogu sikuwahi kuipa baiskeli jina. Kobe ni jina alilolipa baba, na halikuwahi kutoka nje ya ua wetu. Waliolijua ni baba na mama, ambao wameshatangulia, wewe, mimi, na yule aliyekuwa akiketi mezani kwetu kama mkwe na kumtania mzee kwamba Kobe atafika kesho. Nililisoma nikiwa hapa hapa kwenye mashine, lenzi ya mteja mkononi. Niliisaga mpaka ikapasuka, nikamwambia tajiri kioo kilikuwa kibovu.

Nilikuwa na wiki saba za kukuokoa. Ningeweza kuja siku ile ile. Ningeweza kuufuta ukurasa kwa kidole kimoja, binti wa mapokezi alishanionyesha namna. Badala yake nilimjibu. Niliandika: "Kobe hajambo, asante kwa kuuliza."

Sijitetei. Nataka tu ujue ni kitu gani kilichokuuza, kwa sababu siyo woga wala siyo ujinga. Tangu uondoke, nyumba ile ina vyumba vinne na mtu mmoja. Wewe una mtoto, una kazi, una wenzako huko chini kwa dobi mnaocheka juu ya mapipa ya nguo, nimewasikia. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu anayeisubiri Jumamosi yangu, na huyo mtu ni yeye. Nilijiambia labda ametulia. Nilijiambia labda anaona aibu, anatafuta mlango wa kuombea radhi, na anapitia kwangu kwa sababu mimi ni mpole. Nilijiambia hawezi kujua lolote, namba ni namba tu. Lakini usiku huo huo nilihesabu wasomaji, nikakuta wamefika mia mbili na kumi, na nikajua ukisikia utaniambia niufunge ukurasa. Sikutaka kuufunga. Ukweli ndio huo, na hauna mapambo.

Tangu siku hiyo nimekuja kwako mara nne. Nimekunywa chai yako, nimemsuka mtoto nywele amekaa kwenye kidato cha juu, umeniambia kwamba sasa unalala usiku mzima bila kuweka kiti nyuma ya mlango. Nilikuitikia. Kisha nikarudi nyumbani nikaandika namba, na nilijua nani anazisoma.

Ukurasa bado haujafutwa, maana ukitoweka leo atajua. Asubuhi hii nimeandika kwamba Jumamosi hii, ingawa si zamu yake, nitakwenda tena kwa rafiki yangu wa chai, na nimemshukuru Mtembezi kwa kunisahihisha. Akiliamini hilo una siku tatu. Asipoliamini, una saa chache, ndiyo maana nimekuambia umchukue mtoto kabla ya kusoma. Nguo usirudie, wala simu. Nami siwezi kuja mwenyewe, kwa sababu tangu nitoke kituoni kuna gari la kijivu limesimama ng'ambo ya duka, na huenda ni la mteja tu, lakini sitaki kukadiria.

Dereva wa mkate atakufikisha popote anapofika na magari yake, na pale atakukabidhi kwa mwenzake. Nimemwomba asinitajie njia. Nawe nakuomba hivyo hivyo, na hili ndilo nililoandikia barua nzima: ukishafika huko uendako, usiniambie. Hata baada ya mwaka, hata nikiumwa, usimtume mtu, usiandike. Shemeji atakuja kwangu, atabisha hodi kwa adabu zake zote, na nitamfungulia. Zamani ningekuambia kwamba hata anikate vipande sitasema. Sasa najijua. Mimi hakuhitaji hata kuninyanyulia mkono, alinisifu tu.

Nakushukuru kwa chai zote, na kwa kunilea mama alipokuwa kitandani. Wasalimie wenzako wa pasi kama utawaona tena. Mwambie dereva ahsante kwa niaba yangu, nimemwona ana haraka na bado amengoja niimalize barua. Binti mpe busu la kwenye paji, pale anapopapenda. Akiuliza kwa nini siji tena, usinisingizie safari wala ugonjwa. Mwambie mama mdogo ndiye aliyewaonyesha njia watu wasiotakiwa kuijua, na kwamba alijua anachofanya.

Ni mimi,
mdogo wako